Kubishana, kuuliza au kupita: ukae vipi na mtu wa "kuna mkono wa mtu"

Kijiwe chochote cha kahawa Ujiji, baada ya Isha, kina mtu anayejua kilichoizamisha MV Bukoba, na anachokijua hakifanani na kilichoandikwa. Anajua pia aliyemmaliza Sokoine, Magufuli alilishwa nini, na basi lililopinduka juzi lilikuwa kafara ya nani. Usimdharau. Huenda ni fundi mzuri wa boti, mwalimu mstaafu, au baba mdogo aliyekulipia ada ya sekondari. Angekuwa mtu baki ungempita ukaendelea na safari yako. Tatizo ni kwamba mtakutana tena kesho, msibani, harusini na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Watu wa hapa Kigoma nawaona wakitumia njia tano. Wapo wanaobishana naye kwa takwimu mbele ya wote, na wapo wanaomvuta pembeni wakamuuliza. Wengine hunyamaza. Wengine humtishia sheria. Wachache humtafutia mtu anayemheshimu aje azungumze naye. Mimi nina upande, na nausema mapema ili usome ukijua: kumuuliza faragha kunashinda kubishana hadharani karibu kila mara, isipokuwa pale maneno yake yanapoanza kuelekezea watu kidole.

Kabla ya kuchagua njia, jua unachokabiliana nacho

Stori ya "kuna mkono wa mtu" haisimami juu ya uongo mtupu. Chukua MV Bukoba. Ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, nayo ilikuwa imebeba watu wengi kuliko hao. Daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina, na kwa sababu hiyo hesabu ya waliokufa haijawahi kukubaliwa na wote. Inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 800. Meli ilipinduka ikaelea chini juu kwa saa kadhaa, watu wakigonga kutokea ndani. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, ikazama nao.

Sasa ongeza jambo jingine la kweli: miongoni mwa waliokufa humo alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, kiongozi wa kijeshi wa al-Qaeda. Mtu wa kijiweni akikwambia hivyo hajazua. Kosa linakuja anaporuka kutoka "alikuwamo" hadi "ndiyo maana ilizamishwa". Wala hasemi, pengine kwa sababu hakuwahi kuambiwa, kwamba wenzake al-Banshiri ilibidi watume watu mpaka ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa.

Kwa Magufuli mambo yako hivyo hivyo, na hapa lazima tuseme kweli hata kama inakera. Alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari 2021. Tarehe 12 Machi, Waziri Mkuu aliwaambia wananchi akiwa Njombe kwamba Rais yuko salama na anachapa kazi. Tarehe 17 Machi, Makamu wa Rais alitangaza kifo. Katika tangazo hilo hilo nchi ikasikia kwamba Rais alilazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tarehe 6, akaruhusiwa kesho yake, akapelekwa hospitali ya Mzena tarehe 14, na kwamba tatizo la moyo alikuwa nalo kwa zaidi ya miaka 10. Mtu aliyezisikia taarifa hizo mbili ndani ya siku tano ana haki ya kuwa na shaka. Ukianza kwa kumwambia hakuna kilichofichwa, umeshashindwa, tena umeshindwa kwa haki.

Na kuna vifo ambavyo akili hukataa tu kwa ukubwa wa aliyekufa. Edward Sokoine alikuwa Waziri Mkuu aliyesimamia vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983. Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma baada ya Bunge, akafariki katika ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Kwamba mtu wa namna ile aondoke kwa magari kugongana, kama anavyoondoka yeyote kwenye barabara zetu, wengi hawajalikubali mpaka leo. Wanatafuta sababu yenye ukubwa wa mtu mwenyewe.

Hadharani au pembeni

Njia hizi mbili ndizo watu huzichanganya, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Kubishana hadharani kuna faida moja kubwa: wasikilizaji. Yule unayebishana naye hatabadilika, lakini pembeni wamekaa vijana watano ambao bado hawajaamua. Ukisema vizuri, hao unaweza kuwapata. Kwenye kundi la WhatsApp faida hii huongezeka katika saa za mwanzo baada ya ajali, wakati watu bado wanatafuta habari. MV Nyerere ilipozama tarehe 20 Septemba 2018 kati ya Bugolora na Ukara, kisha fundi wake akatolewa hai siku mbili baadaye, jambo la ajabu namna ile lingeweza kuzaa stori kumi kwa usiku mmoja. Ujumbe mfupi unatosha hapo: kivuko kilikuwa na uwezo wa watu 101, waliokufa ni 228, na fundi alipona kwa sababu alikuwa sehemu ambayo hewa ilinaswa ndani. Anza na ukweli, utaje uvumi mara moja tu, urudi kwenye ukweli, basi. Ukiurudia uvumi mara nne ili kuukanusha, asomaye harakaharaka ataondoka na uvumi.

Hasara zake ni nyingi. Ya kwanza ni heshima. Ukimsahihisha mzee mbele ya watu hapa kwetu, hata kama una karatasi ya tume mkononi, umeshindwa. Kitakachokumbukwa ni kwamba mtoto wa fulani hana adabu, na mzee sasa atalazimika kuitetea stori yake kwa sababu imegeuka kuwa hadhi yake. Mtu aliyeingia kwenye mazungumzo akiamini kidogo hutoka ameapa.

Ya pili ni takwimu zenyewe. Nyingine zimewahi kuhama. Baada ya MV Spice Islander kuzama kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011, idadi iliyotangazwa ya vifo ilikuwa 203. Ripoti iliyotolewa Januari 2012 ikasema wapo wengine 1,370 ambao hawakupatikana. Ukisimama kijiweni na 203 yako, ukakutana na mtu mwenye 1,370, utaonekana wewe ndiye unayeficha. Anayetaka kubishana hadharani ajue kwanza namba zipi zilibadilika na kwa nini, la sivyo akae na kahawa yake.

Kumvuta pembeni ni kazi nyingine kabisa. Hapa humwambii kitu; unauliza, tena kwa nia ya kujibiwa. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umekuja kubisha tena?"

"Hapana, nimekuja kuuliza. Ile Bukoba, kama lilikuwa bomu, waliopona wangekuwa wamesikia nini?"

"Kishindo."

"Na wao walisemaje?"

"Walisema ilikuwa inayumba tu, ikalala upande."

"Sasa?"

"Sasa si ndiyo ujue walivyojipanga. Bomu la siku hizi halilii."

Hakuna aliyeshinda hapo, na usitarajie kushinda. Ukimwona ameshika njia ile ya kuugeuza kila ushahidi uwe upande wake, usimkimbize. Hamia kwenye swali la pili, ambalo kwangu ndilo lenye nguvu kuliko yote: "Hivi baba mdogo, tukisema ni bomu, nani anapona?"

Mwache afikiri. Tukisema ni bomu, anapona aliyeuza tiketi kuzidi uwezo. Anapona aliyejua meli haikai sawa majini akairuhusu iondoke. Anapona ambaye hakuandika majina ya daraja la tatu. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuchunguza ajali ile, na maneno yaliyotoka huko yalihusu meli yenyewe na namna ilivyoendeshwa. Mkono wa mtu upo kweli, na ni ule uliopokea nauli. Baba mdogo ambaye amepanda boti za mbao kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya mwambao maisha yake yote anaujua mkono huo. Anamjua kijana anayesema "ingieni, bado wawili" boti ikiwa imeshajaa, na amewahi kukaa juu ya magunia ya dagaa bila jaketi okozi huku mawimbi yakipiga. Ukimfikisha hapo, hasira yake haitapotea, na hakuna sababu ipotee. Itapata pa kwenda.

Swali jingine lenye kazi ni la kutenganisha mambo mawili yaliyoshikana. Kwa Magufuli, kwa mfano: "Walituficha ugonjwa?" Mkubalie, taarifa hazikuwa wazi. "Je, kuficha ugonjwa na kuua ni jambo moja?" Familia ngapi hapa Kigoma zimeficha maradhi ya mzee wao mpaka siku ya kifo, na hakuna aliyewaita wauaji? Watu huficha kwa aibu, kwa hofu ya warithi, kwa kudhani atapona. Ofisi kubwa huficha kwa sababu zinazofanana na hizo, zikiongezewa siasa. Nusu ya stori inabaki kuwa kweli na nusu inaanguka, na yeye hajadhalilika kwa sababu ile nusu ya kweli umemwachia.

Kwa Sokoine, ambako hakuna namba za kuhesabu wala uwezo wa chombo wa kulinganisha, uliza tu: "Ungeonyeshwa nini ndiyo uamini ilikuwa ajali?" Akitaja kitu, mna pa kuanzia. Akisema "hakuna", basi amekujibu, nawe umejua kwamba hapo mnazungumzia uchungu wa kumpoteza Sokoine, na gari halina nafasi katika mazungumzo hayo.

Hasara ya njia hii ni muda na uhusiano. Haifanyi kazi kwa mtu usiyemjua. Haifanyi kazi akiwa na watazamaji. Wala haifanyi kazi ukiuliza kama mwendesha mashtaka, na ukishaanza sentensi kwa "kwa hiyo unataka kuniambia…" funga mdomo, umeharibu.

Kunyamaza

Njia hii inatukanwa kuliko inavyostahili. Stori nyingi za kafara na Frimasoni kijiweni ni burudani. Anayezisimulia kesho atapanda basi lile lile analosema limetoa kafara, na atabishania nauli. Huyo mpite. Cheka naye, agiza kashata.

Mpaka wa kunyamaza uko mahali pamoja tu, nao kwetu uko wazi kuliko mikoa mingi: stori inapoanza kusema "ni wale". Mkoa huu umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo. Mwezi Mei 2015 kijiji cha Kagunga kilifurika Warundi waliokimbia, kipindupindu kikalipuka, na MV Liemba ikawa inawavusha kuja Kigoma mjini. Kipindupindu kinakuja kwa maji machafu na choo kukosekana, na maelfu ya watu walikuwa wamebanwa ufukweni kati ya ziwa na mlima. Mtu akisema katika hali kama hiyo kwamba ugonjwa umeletwa makusudi na watu fulani, au dawa ya maji ndiyo inayoua, ukinyamaza watakufa watu au watapigwa watu. Sisi Waha hasa hatuna udhuru. Wengi wetu tunajua ladha ya kuulizwa uraia mbele za watu kwa sababu ya lafudhi tu.

Hapo hadharani kunazidi faragha, na heshima ya mzee inasubiri. Sema mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida, bila kumtukana: "Hapana, mzee wangu, hili si kweli na litaumiza watu." Ufafanuzi mpe baadaye mkiwa wawili.

Kumtishia sheria

Kila kundi la WhatsApp lina mtu wake wa kifungu cha 16. Ni kweli Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kumwambia ndugu yako ajihadhari kusambaza ni wema. Kumtishia nayo ili anyamaze ni kumpa hoja aliyokuwa hana: kama si kweli, mbona wanatutisha? Atanyamaza kundini, ahamie kundi jingine ambalo wewe humo, na huko hakuna atakayemuuliza swali. Kama wewe ndiye msimamizi, unaweza kufuta ujumbe wenye picha za maiti au unaotaja kabila, ukaeleza kwa mstari mmoja kwa nini umefuta. Zaidi ya hapo sioni faida.

Kumtafutia mtu

Njia hii inafaa wewe ukiwa mdogo, au ukiwa mtoto wa kike ambaye baraza la wazee halimsikilizi hata akiwa na shahada mbili. (Nimeliona hilo mara nyingi, na linachosha.) Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati, na mitaani kwetu wamejaa wastaafu wa reli. Mtu anayesema ajali ya Igandu ya tarehe 24 Juni 2002 ilipangwa, ile iliyoua watu 281, mpeleke kwa mmoja wao. Treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilirudi nyuma mteremkoni bila breki kuishika, ikaigonga treni ya mizigo. Mstaafu wa reli ataeleza mabehewa yanavyoshikwa mlimani, nini huharibika, na nani alipaswa kukagua kabla ya kuondoka. Ataeleza kwa mikono, akichora chini kwa kijiti. Hana haja ya kusema "wewe umekosea", na yule mwingine hana haja ya kujitetea, kwa sababu wanazungumza kazi.

Tahadhari moja: mjue mtu wako kabla hujampeleka mgeni. Kuna manahodha wastaafu ambao ukiwauliza habari za meli watakupa stori ya jini wa ziwa kubwa kuliko ile uliyokwenda nayo.

Umchagulie nani njia ipi

Anayependa kusikilizwa, yule wa kijiweni mwenye sauti, mpite au mtege kwa swali la kuchekesha. Ukibishana naye unampa jukwaa. Anayeuza kitu, awe mganga, mtu wa TikTok anayetafuta watazamaji au mwanasiasa, usipoteze swali kwake. Wape taarifa wanaomsikiliza. Asiyeiamini serikali kwa sababu amewahi kudanganywa, huyo ndiye wa kumvuta pembeni, na ujiandae kumkubalia mengi.

Anabaki aliyefiwa. Huyu msimchanganye na wengine. Waliokufa MV Bukoba wengi walizikwa pamoja Igoma, Mwanza, na wengine ziwa halikuwarudisha kabisa. Mama ambaye mwanawe hakuonekana, ambaye hana kaburi la kuzuru wala jina kwenye orodha kwa sababu orodha haikuwapo, anaposema "walimuua", hasemi habari za al-Qaeda. Anasema hakuna aliyemjibu. Mbele yake hakuna takwimu, hakuna swali la busara, hakuna mstaafu wa kuitwa. Muulize mtoto alikuwa anaitwa nani, alikuwa anakwenda Mwanza kufanya nini, alipenda nini. Akitaja bomu, acha lipite. Kama kuna mtu kijiweni anayemtumia mama huyu kuwa ushahidi wa stori yake, huyo ndiye wa kuvutwa pembeni, tena siku hiyo hiyo.

Kwa wengine wote, usihesabu ushindi kwa siku moja. Baba mdogo atakusikiliza leo, atatikisa kichwa, na Ijumaa atatuma video mpya yenye mshale mwekundu na muziki wa kutisha. Usirudi kwenye hoja ya bomu. Muulize aliipata wapi. Akisema ametumiwa na shemeji, mpigie shemeji.